Milango Ilipanda, Watu Wakashuka: Kumzuru Shoga wa Chuo Chini ya Uluguru



Leo tunakwenda Morogoro. Safari hii mmoja wetu aliifanya peke yake, kwa boti kutoka Malindi mpaka Dar es Salaam, kisha kwa gari mpaka chini ya milima ya Uluguru, kumzuru shoga wa chuoni ambaye hatukuonana naye kwa miaka tisa. Tunasema "sisi" kwa makusudi. Kila msomaji wetu aliyesoma chuo bara ana shoga wa namna hii: mliyelala naye chumba kimoja, mkala naye futari kwenye sinia moja, kisha ndoa na watoto vikaja, na jina lake likabaki kwenye simu bila kupigiwa.

Deni letu ni hili. Siku ya harusi yetu huyu shoga alitoka Morogoro kwa basi, akavuka bahari akitapika njia nzima, akalala siku tatu kwenye mkeka pamoja na shangazi zetu. Alisaga viungo, akashika kioo wakati tunapakwa piko. Miaka miwili baadaye mama yake alifariki. Sisi tulituma ujumbe wa simu. Tulikuwa na mtoto mchanga, kweli. Lakini mtoto alikua, na bado hatukwenda. Baada ya hapo ilikuwa aibu tu, na aibu hufunga njia kuliko bahari.

Kwanza, habari ya kusafiri peke yako

Hatutaificha, maana tunajua mtauliza. Mama alipinga. Katika madhehebu yetu ya Shafi wanazuoni wametia mkazo mwanamke asafiri na maharimu wake, hasa safari isiyo ya faradhi. Wako pia wanazuoni, wa zamani na wa leo, waliotazama usalama wa njia na wakaruhusu pale fitina inapokosekana. Sisi si mamufti. Tuliomba ruhusa ya mume, tukamuuliza mwalimu wetu wa darsa, tukaondoka mchana, na kila kituo tukapiga simu nyumbani. Nawe muulize mwalimu wako kabla ya kukata tiketi. Na ukumbuke kwamba kutoka Dar es Salaam mpaka Morogoro ni karibu kilomita 190, zaidi ya marhala mbili, kwa hiyo rukhsa ya kupunguza na kukusanya sala unayo.

Lakini ziara yenyewe, yaani kumwendea mtu kwa kuwa unampenda kwa ajili ya Allah, haina mjadala. Katika Sahihi Muslim, Abu Hurayra (r.a.) amepokea kisa cha mtu aliyetoka kwenda kumzuru nduguye katika kijiji kingine. Allah akamweka malaika njiani amuulize anafuata nini kwa yule ndugu, au kuna fadhila anayoifuatilia. Yule mtu akasema hapana, ila anampenda kwa ajili ya Allah. Basi malaika akampa habari kwamba na yeye anapendwa na Allah kwa sababu hiyo. Kisa kile tulikisoma darsani tangu wadogo, lakini tulikielewa vizuri zaidi tukiwa peke yetu kwenye usukani, tumeshapita Kibaha na Mlandizi, haluwa ya Zanzibar ikiwa kwenye kiti cha pembeni.

Njia ya misafara

Barabara ya leo hupita Chalinze. Njia ya zamani ilianzia Bagamoyo. Katika karne ya 19 misafara ilitoka pwani ikiwa na merikani, kaniki, shanga na waya za shaba, ikaelekea bara kutafuta pembe za ndovu. Fedha na mali za misafara hiyo nyingi zilitoka Unguja, kwa wafanyabiashara wa Kiarabu, wa Kihindi na wa Kiswahili wa kisiwani kwetu. Baada ya siku nyingi za mwendo, mpagazi aliyetoka Bagamoyo aliona milima ya buluu upande wa kusini. Chini yake, kando ya mto Ngerengere, ulikuwapo mji wenye ukuta. Mji huo ndio babu wa Morogoro, na wageni waliuita Simbamwene.

Mji ule ulijengwa na Kisabengo, kiongozi wa Kizigua aliyejipatia nguvu kwa mabavu, kwa kuteka watu na kuwauza. Alipokufa, mamlaka yalishikwa na binti yake. Ndiyo, dada zetu: mwaka 1871, Henry Morton Stanley alipopita akienda kumtafuta Livingstone, mtawala wa mji mkubwa kuliko yote aliyokutana nayo tangu pwani alikuwa mwanamke, naye alijulikana kwa jina hilo hilo la Simbamwene. Alituma wajumbe kudai hongo, yaani ushuru wa kupita. Stanley alikataa kwa hoja kwamba kundi la msafara wake lililotangulia lilikwishalipa. Haukupita muda, baadhi ya askari wake walikamatwa mjini mle wakatiwa minyororo. Bibi yule hakuwa wa kuchezewa.

Stanley aliueleza mji: ukuta wa mawe wenye minara pembeni, malango manne, na watu aliowakadiria kati ya 3,000 na 5,000. Jambo moja alilolitaja lilitufanya tusimamishe kitabu tulipolisoma. Milango ya malango yale ilikuwa ya mbao ngumu, imechongwa nakshi ndogo ndogo kwa mtindo wa Kiarabu, naye akadhani kwamba ilichongwa Unguja au mahali pengine pwani, kisha ikapandishwa bara ubao kwa ubao.

Kila anayetembea Mji Mkongwe anaijua milango hiyo. Tunapigia picha za harusi mbele yake. Hatukuwahi kufikiri kwamba jamaa zake huenda walisimama chini ya Uluguru, wakimlinda bibi mtawala.

Walioshuka

Hatuwezi kusifia milango tukanyamaza kuhusu watu. Njia iliyopandisha nakshi ndiyo iliyoshusha mateka. Kisabengo alitajirika kwa biashara hiyo, na walioshushwa pwani wengi walivushwa mpaka Unguja na Pemba kufanya kazi mashamba ya karafuu na majumbani. Soko la watumwa la Mkunazini lilifungwa Juni 1873. Utumwa wenyewe ulipigwa marufuku kisheria Zanzibar mwaka 1897, lakini masuria waliachwa nje ya sheria ile mpaka mwaka 1909. Yaani wanawake ndio waliofikiwa mwisho na uhuru huo.

Kwa nini tunayasema haya kwa mabibi harusi? Kwa sababu wanawake wale hawakuja mikono mitupu. Walikuja na ngoma, na dawa za uzazi, na namna ya kumfunda mwali. Wanahistoria huunganisha unyago wa visiwani kwetu na wanawake waliotoka bara, wengi wao katika utumwa. Kungwi anayekaa nawe ndani, akakufundisha usafi, subira na faragha ya mume na mke, anarithi elimu ambayo sehemu yake ilishuka kwa miguu kutoka huko. Bi Kidude, aliyefariki Aprili 2013, aliwafunda wanawali wetu kwa ngoma hiyo kwa miaka mingi.

Waluguru nao, kama jirani zao Wazaramo, Wakwere na Wakutu, walimweka mwali ndani baada ya kuvunja ungo, zamani kwa miezi mingi na hata zaidi. Alipewa kinyago kidogo cha mti kiitwacho mwana hiti, akitunze kama mtoto, akipake mafuta na kukitengeneza nywele, mpaka siku ya kutolewa nje kwa shangwe. Yapo katika mila hizo, zao na zetu, yanayopingana na dini, na masheikh wameyakemea kwa haki. Lakini kumfundisha msichana mwili wake na heshima yake kabla hajaingia nyumba ya mtu ni jambo ambalo Uislamu unalitaka. Basi tuchuje, tusidharau.

Chuoni, shoga yetu alipotusimulia kwamba bibi yake alikaa ndani akiwa mwali, tulicheka tukisema, "Nyinyi wa bara bwana!" Hakujibu kitu. Leo tunaona haya.

Gharika, reli na vyuo

Mwaka 1872 masika yalikuja na hasira. Aprili ya mwaka huo kimbunga kikubwa kilipiga Unguja, kikavunja majahazi bandarini na kung'oa mikarafuu mingi, mpaka Pemba ikachukua nafasi ya kwanza kwa karafuu. Stanley alipokuwa akirudi pwani katika msimu ule ule, aliukuta mji wa Simbamwene umepigwa na gharika. Mto ulikuwa umebomoa sehemu ya ukuta na kuchukua nyumba nyingi. Kisiwa na mlima vililia masika mamoja.

Baadaye walikuja wamisionari wa Kikatoliki kutoka Bagamoyo, kisha Wajerumani. Reli iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 ilifika Morogoro mwishoni mwa 1907. Mwendo wa siku nyingi ukawa wa siku moja. Waingereza waliuteka mji Agosti 1916, katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Uislamu, ambao ulipanda kwanza na misafara, ulikita mizizi mjini na kwenye miteremko ya mashariki ya Uluguru, huku upande wa Mgeta ukielekea zaidi Ukatoliki. Siku hizi treni ya umeme, iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024, hufupisha njia hata zaidi.

Lakini kilichotukutanisha sisi na shoga yetu ni vyuo. Visiwani hapakuwa na chuo kikuu mpaka mwishoni mwa miaka ya 1990, kilipofunguliwa kile cha Tunguu. Kabla ya hapo, msichana wa Unguja au Pemba aliyetaka shahada ilimbidi avuke maji, na hata baadaye wengi tumeendelea kuvuka. Morogoro ilitupokea. Mzumbe ilianza mwaka 1953 kama skuli ya watumishi wa serikali za mitaa, ikawa chuo kikuu mwaka 2001. Chuo Kikuu cha Kilimo kilianzishwa Julai 1984 na kupewa jina la Waziri Mkuu Edward Sokoine, aliyefariki kwa ajali ya gari mkoani humo humo Aprili 12 ya mwaka huo. Na Chuo Kikuu cha Waislamu cha Morogoro kilianza katikati ya miaka ya 2000, katika majengo ambayo serikali iliyatoa, yaliyokuwa ya mafunzo ya shirika la umeme. Kwa wazazi wengi wa kwetu, hicho cha mwisho ndicho kilichowatuliza mioyo kumwachia binti aende bara.

Hebu fikirini. Njia ya hongo na minyororo, kwa rehema ya Allah, ikawa njia ya mabinti wenye mikoba ya vitabu na misahafu.

Ardhi ya mama

Shoga yetu haishi mjini tena. Amerudi kwao, upande wa mashariki, kwenye barabara inayotoka Bigwa kupitia Mkuyuni kwenda Matombo. Njia inapinda na kupanda, na kila kona kuna migomba, minanasi, na mama amebeba ndizi kichwani. Katikati ya kijani tuliona kitu kilichotufanya tusimamishe gari: mikarafuu. Ndiyo, karafuu, pamoja na mdalasini na pilipili manga, zinaota Uluguru. Tulishuka, tukachuma jani, tukalisugua kiganjani. Harufu ya Pemba kabisa.

Anaishi kwenye ardhi ya mama yake. Hapa lazima tueleze. Waluguru wanafuata ukoo wa mama. Mtoto huhesabiwa katika ukoo wa mama yake, na ardhi ya ukoo hupita upande wa kike, ingawa mara nyingi wajomba ndio wasemaji wake. Zamani mume ndiye aliyehamia kwao mke. Kwa Waluguru Waislamu mila hii hukutana na mirathi ya Kiislamu, na kila familia hutafuta njia ya kuvipatanisha, wakati mwingine kwa mvutano. Lakini matokeo yake ni kwamba mwanamke aliyeachika au kufiwa huko mara nyingi ana mahali pa kurudi ambapo hawezi kuambiwa si pake. Sisi wa visiwani, ambao Qur'ani imetupa mafungu yetu wazi, ni wangapi tumewaachia kaka zetu fungu letu la shamba la mikarafuu kwa kuona haya kudai?

Na ardhi hiyo wameitetea. Mwaka 1950 serikali ya kikoloni ilianzisha mpango wa kuhifadhi udongo wa Uluguru, ikalazimisha kila nyumba kuchimba matuta ya ngazi mlimani. Kazi ilikuwa nzito, na wanawake walikuwa nayo juu ya kulima, kuchota maji na kulea. Mahali pengi matuta yalifukua udongo usio na rutuba na mazao yakapungua. Mwaka 1955 watu walikataa. Ghasia zikatokea Matombo, mtu akauawa kwa risasi ya polisi, na mpango ukafa. TANU ilikuwa na umri wa mwaka mmoja tu, na ilipata wafuasi wengi milimani humo.

Hodi

Tulibisha hodi baada ya Alasiri. Alitoka na khanga kichwani na mikono yenye unga. Alitutazama. Katika ile dakika tulijua kwa nini miaka tisa ilipita: tuliogopa uso huu.

"Karibu," akasema. "Umechelewa, chai imepoa."

Hakuna alichosema zaidi. Alitushika mkono, hakutupeleka sebuleni, akatupeleka nyuma ya nyumba, penye kaburi la mama yake chini ya mkarafuu. Tukasimama, tukamsalimia marehemu, tukamwombea. Tulipotaka kueleza habari za mtoto mchanga na kazi, alitunyamazisha. Akasema mama yake kabla hajafa aliuliza mara mbili kama yule mtoto wa Unguja kajifungua salama. Hapo ndipo tulipolia. Tulikuwa tukidhani deni ni la shoga peke yake, kumbe lilikuwa la mama pia, na la mama hatukuliwahi.

Usiku tulikula wali wa nazi na mboga ya maboga, tukafungua haluwa. Watoto wake waliila wakauliza kama huko kwetu watu wanakula hivyo kila siku. Tukalala chumba kimoja kama chuoni, tukaongea mpaka karibu na Alfajiri, na baridi ya mlima ikatufanya tugombanie blanketi lile lile.

Kwa bibi harusi anayesoma hapa

Unapopanga harusi unaandika orodha ya wageni. Tunakuomba uandike na orodha ya pili: watu utakaowatembelea baada ya harusi. Weka humo shoga wa chuo, na kungwi wako, na mama zao.

Na umsomee mchumba wako hadithi ya Bibi Aisha (r.a.). Alisimulia kwamba Mtume (s.a.w.), miaka baada ya Bibi Khadija (r.a.) kufariki, alikuwa akichinja mbuzi akawapelekea nyama marafiki zake Bi Khadija. Mke amekwisha kuzikwa, na mashoga zake bado wanakumbukwa na mumewe. Hicho ndicho kipimo cha nyumba ya Kiislamu. Mume anayekukataza mashoga wema, au mke anayewatupa mwenyewe kwa sababu sasa ana pete, wote wameikosa sunna hiyo.

Kisha usingoje msiba. Simbamwene, mji wenye milango ya nakshi, ulibomolewa na msimu mmoja wa mvua. Mama wa shoga yetu alingoja hali yetu mpaka akaondoka. Tuliondoka Matombo na mfuko wa mdalasini, mkungu wa ndizi, na ahadi kwamba Idi ijayo yeye na watoto watavuka bahari waje kwetu, in shaa Allah. Tumeshamwambia anywe maji ya tangawizi kabla ya kupanda boti.

Ewe Mola wetu, waghufirie mama zetu na mama wa mashoga zetu, warehemu wote walioshuka njia ile bila hiari yao, na utujaalie kupendana kwa ajili Yako. Amin.

Nawe, dada, mpigie leo.